Tia maji: mashini ya papa na historia ya wembe

Wazee wetu walituachia mezali hii: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Watu wanaitumia kwa kuonya mtu ambaye hatari imefika kwa jirani yake. Mimi leo nataka kuichukua neno kwa neno. Tia maji. Yule aliyeitunga alikuwa anajua kunyoa. Nywele kavu inakataa wembe, inavuta ngozi, inatoa damu. Nywele iliyokunywa maji inalainika, na wembe unapita. Ni kusema, zamani sana, mbele ya mashini yoyote kufika, watu walijua kama kunyoa ni kazi ya maji kwanza, kazi ya chuma kisha.

Na jina la wembe si la kuazima. Ndugu zetu Wanyarwanda na Warundi wanasema urwembe, na ni neno moja na letu. Wahunzi walikuwa wanafua chuma mu inchi hii karne nyingi mbele ya Wabeleji. Wembe wa muhunzi ulikuwa kipande kidogo cha chuma chenye makali, kinanolewa ku jiwe. Lakini kazi ya kunyoa ilihitaji watu wawili: mwenye kichwa na mwenye mkono. Mtu hakujinyoa. Alitoa kichwa chake kwa ndugu yake, na hiyo yenyewe ilikuwa alama ya kuaminiana. Nitarudilia jambo hilo.

Mimi nilijifunza kwa papa yangu, kwetu Likasi, mu miaka ya 1970. Papa alikuwa mwalimu. Kila asubui, mbele ya saa kumi na mbili, alitundika kioo ku msumari wa muembe, akaweka beseni ya maji moto ku kiti, akaanza kusugua sabuni na burashi. Alisugua, alisugua, mpaka povu likasimama sawa fufu. Sisi watoto tulichoka kungojea beseni. Siku moja nikamuuliza:

— Papa, juu ya nini unapoteza wakati vile? Si ukate tu?

— Mutoto, sabuni njo inafanya kazi. Wembe inapita tu kuokota.

Mashini yake ilikuwa nzito, ya shaba iliyopakwa nikeli, na mahali pa vidole nikeli ilikuwa imekwisha, shaba inaonekana. Sisi watu wa Katanga, shaba tunaitambua hata mu giza. Ilifunguka vipande vitatu: mkono, sahani ya chini yenye meno, na kifuniko cha juu. Wembe mwembamba wenye makali pande mbili unalala katikati, unakunjika kidogo unapokaza mkono. Ndiyo hiyo tu.

Watu wengi wanafikiri kitu hicho kilitungwa siku moja na mtu mmoja. Hapana. Fundi wa visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, aliandika kitabu mu mwaka wa 1769 cha kufundisha mtu kujinyoa mwenyewe. Alifunga ubao kando ya wembe, sawa vile randa ya seremala inavyoacha chuma kitokeze kidogo tu. Mu 1847, Mwingereza William Henson aliweka wembe kwa kuukingamisha ku mkono wake, na yeye mwenyewe alisema umbo lake linafanana na jembe. Mimi nacheka kila mara nikikumbuka hiyo: jembe na wembe! Mkulima yeyote wa kwetu angemuelewa bila kusoma. Kisha, mu 1880, ndugu wa familia Kampfe, kule New York, walipata hati ya mashini yao yenye kizuizi mbele ya makali. Lakini wembe wao ulikuwa mnene, na mwenyewe alipashwa kuunoa kila mara.

Njo akaja King Camp Gillette, Mmarekani aliyezaliwa mu 1855. Alikuwa mchuuzi wa vifuniko vya chupa, vile vya bati vyenye meno tunavyovibandua ku bia mpaka leo. Aliyevitunga, William Painter, alimwambia atafute na yeye kitu ambacho watu wanatumia, wanatupa, wanarudi kununua. Mu 1895 Gillette alipata wazo: wembe mwembamba sawa karatasi, usionolewa kamwe. Wazo lilikuwa rahisi, chuma ndicho kilikuwa kigumu. Namna gani kufanya chuma chembamba vile kikaze bila kupindika? Ilimchukua miaka, na ni injinia William Nickerson ndiye alitengeneza mashini za kukaza na kunoa nyembe hizo. Kwa haki jina la Nickerson lingepashwa kukaa karibu na la Gillette, lakini historia inapenda jina moja tu. Kampuni ilianza 1901. Mu 1903, mwaka wa kwanza wa kuuza, iliuzisha mashini 51 na nyembe 168, ni kusema karibu hakuna. Hati ikatoka mu 1904. Mu 1918 serikali ya Amerika iliagiza mashini milioni 3,5 na nyembe milioni 32 kwa askari waliokwenda vita Ulaya. Askari wakarudi nyumbani na mashini mu mufuko na desturi mu mkono. Wembe wa kukunja wa kinyozi ulianza kusahaulika.

Kwetu mashini hiyo ilifika na Wazungu, wakati wa koloni. Papa alisema kama kijana mwenye kazi ya kalamu alitafuta vitu vitatu: kalamu ya wino, saa, na mashini ya ndevu. Nadhani hakuwa anasema mzaha.

Sasa nije ku vijana, juu wao njo wamenifanya niandike. Mu 1971 kampuni ya Gillette ilitoa wembe wa makali mawili yanayofuatana, na mu 1975 Bic ya Ufaransa ikaleta ule wa plastiki wa kutupa. Leo kuko wa makali matatu, hata matano. Matangazo yanasema makali mingi yananyoa karibu zaidi. Ni kweli, na pale njo matata inaanza kwetu. Makali ya kwanza yanavuta unywele, ya pili yanaukata chini ya uso wa ngozi. Kwa mtu mwenye nywele iliyonyooka si kitu. Lakini nywele yetu imejikunja: ikikatwa chini vile, inakua kwa kuzunguka, ncha yake inatoboa ngozi toka ndani. Vipele vinatoka shingoni na chini ya kidevu, kijana anavikwaruza, vinakuwa vyeusi, pengine makovu. Nimeona mtoto wa dada yangu anafunika shingo na kitambaa mu joto la mwezi wa kumi. Alifikiri ni uchafu, anaongeza kunyoa kila siku, na kila siku inazidi.

Nilimpa mashini ya papa. Kwanza nilimwambia aache kunyoa juma ine, ngozi ipumzike. Kisha tukaketi pamoja. Osha uso na maji moto, paka povu, ngojea kidogo, mbele ya kushika chuma. Gusa ndevu na vidole ujue zinalala upande gani, maana ku shavu zinashuka na ku shingo pengine zinaenda kando. Fuata upande huo, usipande kinyume hata ukiona bado kuko weusi. Weka kichwa cha mashini ku shavu, shusha mkono polepole mpaka wembe uanze kushika. Ni karibu digri 30. Usisukume. Kijana aliyezoea plastiki anasukuma, juu plastiki haina uzito; hii iko na uzito wake, mkono wako unaiongoza tu. Vuta kidogo-kidogo, suuza mu maji, vuta tena. Na ngozi usiinyooshe sana na mkono mwingine, kwani unywele uliokatwa mu ngozi iliyovutwa unarudi ndani. Mwisho maji baridi, na jiwe la shabu kama uko nalo. Juma la kwanza alijikata mara mbili, akanitazama sawa mimi njo nilimkata. Baada ya miezi miwili kile kitambaa cha shingo nilikiona ku kamba, kimefuliwa.

Wembe wa zamani tunautumbukiza mu kopo ya maziwa yenye kitundu. Papa alifanya vile juu ya watoto, na mimi nafanya vile juu ya watoto na juu ya jambo lingine.

Niliahidi kurudi ku kuaminiana. Kwetu, mu familia yetu, matanga inaishaka na kunyoa. Wote wa damu moja wanakaa ku mkeka, na wembe mmoja unapita ku vichwa vyote, toka mkubwa mpaka mtoto. Wembe mmoja, ni kusema kilio kimoja. Papa alipokufa nilikuwa mkubwa wa nyumba, na wakati huo tulikuwa tumesikia miaka mingi habari ya sida. Kinshasa utafiti mkubwa wa ugonjwa huo ulianza tangu 1984. Na kuko ugonjwa wa ini, hepatiti B, ambao wengi hawautaji: kijidudu chake kinaweza kuishi inje ya mwili siku saba hata zaidi, mu damu kidogo usiyoiona. Niliingia na pakiti ya nyembe mpya. Baba mdogo akasimama.

— Unataka kusema damu ya ndugu zako ni chafu?

Watu wakanyamaza. Sikuwa na jibu. Kusema kweli, kwa desturi alikuwa na haki: kukataa wembe wa ndugu yako ni neno zito. Shangazi, dada ya papa, njo alituokoa. Aliuliza mashini ya marehemu iko wapi. Nikaileta. Akasema:

— Mashini ni moja, ya kaka yangu. Itapita kwa wote. Ulimi wake mutabadilisha.

Tukachemsha maji ku mbabula. Kila kichwa na wembe wake mpya, na kati ya kichwa na kichwa mashini ilifunguliwa vipande vitatu, ikasuguliwa na sabuni, ikaingia mu sufuria inayotokota. Ilichukua saa tatu. Baba mdogo alinyolewa wa kwanza, hakusema kitu, lakini aliinama mwenyewe na akamwagia kichwa chake maji.

Tangu siku hiyo tumefanya vile mara ine. Mashini sasa iko kwa mtoto wa dada yangu, mu kisanduku cha chuma, na pakiti ya nyembe zisizofunguliwa iko chini yake.