Mnazi Mmoja: mstari uliopimwa kwa kuta

Ukishuka pantoni ya Kigamboni asubuhi, ukaziacha nyuma kelele za mnada wa samaki pale Feri, una njia mbili za kwenda Kariakoo. Ya kwanza ni basi la mwendokasi: linapita Posta ya Zamani na Kisutu, linafika Fire, ndipo linakata kushoto kuingia Mtaa wa Msimbazi. Ya pili ni miguu, nami huipenda hii. Unafuata Samora mpaka Mnara wa Saa, unavuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na ghafla majengo yanakwisha. Miti, uwanja, upepo. Ukishavuka Lumumba, mji unaanza upya kwa fujo zake zote.

Uwazi huo una historia. Uliachwa makusudi ili watu wa upande mmoja wasikaribiane na wa upande wa pili.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga bandari hapa miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, mji ulikuwa na ngazi zake za utajiri na utumwa, lakini haukuwa na sheria ya kumwambia mtu alale mtaa gani kwa sababu ya kabila lake. Sheria ya namna hiyo ilikuja na Wajerumani. Walifika 1887, wakaufanya mji kuwa makao makuu yao 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi. Karibu na maji, Kivukoni ya leo, palitakiwa nyumba za mawe za mtindo wa Ulaya. Za udongo na makuti zilitakiwa zirudi nyuma. Mwishoni kabisa mwa utawala wao walilichukua shamba lililokuwa la Mjerumani Schoeller, magharibi ya mji, wakaanza kulipima mitaa iliyonyooka ili Waafrika wahamishiwe huko. Vita vya 1914 vikawakatiza. Waingereza walipouteka mji 1916, wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps, walipiga kambi palepale. Ulimi wa Mswahili ulipoliona jina hilo gumu, ukalimaliza: Kariakoo.

Hapa ndipo pana ujanja ambao sisi Waswahili hatujausimulia vya kutosha. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na kuandika waziwazi kwamba Mwafrika haruhusiwi kukaa mahali fulani kungewaletea Waingereza maswali. Basi hawakuandika. Kanuni zao za miaka ya 1920 ziliugawa mji katika kanda tatu, na zikazungumzia nyumba tu. Kanda ya kwanza, nyumba za kuishi za mtindo wa Kizungu. Ya pili, nyumba za kuishi na maduka. Ya tatu, nyumba za kienyeji. Rangi ya mtu haikutajwa. Zilitajwa kuta na paa. Ila kila mtu alijua nani ana fedha za saruji na nani hana, na mtaani watu wakazipa kanda majina yake ya kweli: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Na aliyekosa fedha alifungiwa hata njia ya kuzipata. Mwenye nyumba Kariakoo alikalia kiwanja kwa ruhusa ya muda mfupi, akilipa kodi ya ardhi, na sheria ya mikopo iliweka vikwazo kwa yeyote aliyetaka kumkopesha Mwafrika. Utajengaje ghorofa ya mawe hapo?

Kati ya kanda ya pili na ya tatu ukaachwa ukanda mtupu. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: malaria na magonjwa mengine yasivuke. Nyumba zilizokuwa ndani ya ukanda huo ziliondolewa, pakabaki Mnazi Mmoja. Ajabu ni kwamba mpishi, yaya na dobi walivuka kila alfajiri kwenda Uzunguni na kurudi jioni. Inaonekana mbu walikuwa wanaheshimu saa za kazi.

Wanahisabati wana swali linalonikumbusha mji huu. Chukua kipande cha mpira chenye matundu kadhaa, chora ramani juu yake, kisha kivute na kukipinda upendavyo bila kukichana, mpaka kijilalie tena palepale. Rudia mara elfu. Nini kitatokea? Jakob Nielsen wa Denmark alilichimba swali hilo kati ya vita vikuu viwili, na William Thurston wa Marekani akalipa jibu miaka ya 1970. Kwa maneno ya baraza: kuna mvuto ambao baada ya raundi kadhaa unarudisha kila kitu kilipokuwa. Kuna unaochanganya mpira wote, majirani wa jana wakatupwa mbalimbali. Na kuna ule wa katikati, ambao pamoja na kuvuta kote unaiacha mistari fulani mahali pake, kila upande ukichezea kwake.

Dar es Salaam ni ya aina hiyo ya tatu. Mji umevutwa kweli. Wazungu walihama Kivukoni wakaenda Oyster Bay, Wahindi wengi wakasogea Upanga miaka ya 1950, Waafrika wakajazwa Ilala, kisha Magomeni na Temeke. Mpango wa mji wa 1949, uliochorwa na kampuni ya Alexander Gibb ya Uingereza, ulipanga maeneo kwa wingi wa watu: viwanja vikubwa huku, vidogo kule. Majina yamebadilika, mstari umebaki.

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha kupigania uhuru, TANU, kilizaliwa ukingoni mwa mstari huo, katika nyumba ya Mtaa wa New, Lumumba ya leo, mkabala na uwazi wenyewe. Baada ya uhuru serikali iliuparamia mstari kwa nguvu: 1962 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakataifishwa, mengi yakiwa Uhindini. Wapangaji wapya wakapanda ngazi za maghorofa ya Kisutu. Hapo mpira ulichanganyika kidogo. Lakini nenda Masaki kwenye viwanja vikubwa, kisha nenda Manzese kwenye vidogo, halafu uniambie kama viwanja vimesahau.

Kariakoo yenyewe imegeuka kuliko mtaa wowote. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na baraza mbele, korido katikati, vyumba sita, vitatu kila upande, na uani pa kupikia na kuogea. Kila chumba familia yake, wote wakijuana kwa harufu ya mchuzi. Wengi walioziuza nyumba hizo wamehamia pembezoni, Mbagala au Chanika, mahali pake pakajengwa maghorofa, na wauzaji wa simu na vitenge wamepanda juu.

Siku ukipita, simama mbele ya ghorofa lolote la Kariakoo, hesabu sakafu zake, kisha tazama upana wake barabarani. Mara nyingi utakuta ni upana wa chumba, korido na chumba.