Shomoro Wawili wa Bonde la Ufa

Mwaka 1883 Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyeishi Zanzibar, alifika Ziwa Naivasha. Mwaka uliofuata yeye na mtaalamu wa ndege Anton Reichenow walimwingiza shomoro wa Kenya kwenye vitabu vya sayansi. Bondeni, bila shaka, watu walishamjua zamani: ndiye aliyedonoa mbegu karibu na maboma.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mji ukakua, na paa zikampa shomoro huyo mahali pa kujenga kiota.

Kisha akaja mgeni. Shomoro wa Uhindi aliletwa Zanzibar, akaenea pwani, akapanda bara akifuata miji. Kufikia miaka ya 1990 alikuwa Nairobi. Anastahili kutazamwa kwa makini: jicho lake ni jeusi, la mwenyeji limepauka.