Faili la Zamani Lisipofunguka Baada ya Kusasisha Programu: Hatua za Kuchukua

Muhtasari wa kikao cha kijiji, hesabu za chama cha ushirika au mkataba wa kuuziana shamba huandikwa siku moja na kuhitajika miaka mingi baadaye. Katika kipindi hicho kompyuta hubadilishwa na programu husasishwa. Siku nyaraka inapotakiwa, faili linakataa kufunguka. Wengi huamini kuwa limepotea, wakalifuta au kuisafisha kompyuta nzima. Mara nyingi uamuzi huo ndio unaoleta hasara yenyewe.

Faili lisilofunguka huenda bado ni zima. Kilichokosekana ni programu yenye uwezo wa kulisoma. Mwaka 2007, kwa mfano, sasisho la Office 2003 lililotolewa na kampuni ya Microsoft lilizuia nyaraka za baadhi ya matoleo ya zamani kufunguliwa, kwa sababu za kiusalama. Januari 2008 kampuni hiyo ilifafanua kuwa udhaifu haukuwa katika mafaili, bali katika sehemu ya programu inayoyasoma, na ikatoa njia rahisi ya kuondoa kizuizi hicho. Nyaraka zenyewe hazikuwa zimefutwa.

Mwananchi anayekutana na hali hiyo anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, faili la asili lisiguswe. Tengeneza nakala kwenye flashi au diski ya nje, na majaribio yote yafanyike kwenye nakala hiyo. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu taarifa za kielektroniki kutumika kama ushahidi, na uzito wake hupimwa pia kwa namna zilivyotunzwa.

Pili, ikiwa faili halionekani kabisa baada ya kuhamia toleo jipya la Windows, tafuta folda iitwayo Windows.old katika diski kuu. Huko huhifadhiwa mfumo wa awali, na mara nyingi mafaili ya mtumiaji hukutwa humo. Kwa kawaida folda hiyo hufutwa yenyewe baada ya siku 10, hivyo usichelewe.

Tatu, tambua programu iliyoliandika faili kwa kuangalia herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina lake. Herufi doc kwa kawaida ni za Word ya zamani, wpd ni za WordPerfect na wps ni za Microsoft Works. Kubadilisha herufi hizo hakubadilishi kilichomo ndani.

Nne, jaribu programu nyingine. LibreOffice, inayopatikana bila malipo, husoma miundo mingi ya zamani, ikiwemo hiyo mitatu. Iwapo faili limezuiwa na mipangilio ya usalama, kizuizi kiondolewe kwa faili ambalo chanzo chake kinafahamika tu, kisha kirejeshwe.

Tano, faili likifunguka, kagua tarakimu, tarehe na majedwali kabla ya kulitumia, kwani mpangilio unaweza kuvurugika. Kisha hifadhi nakala mpya katika muundo unaotambuliwa kimataifa: PDF/A, uliopitishwa na ISO mwaka 2005 kwa nyaraka za kuhifadhiwa muda mrefu, au ODF, uliopitishwa mwaka 2006 kwa nyaraka zitakazohaririwa. Faili la asili libaki pamoja na nakala hiyo.

Kadiri muda unavyopita ndivyo kazi inavyokuwa ngumu. Mwaka 1986 shirika la BBC la Uingereza lilikusanya kumbukumbu za maisha ya wananchi katika diski za leza, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday. Haikupita miaka 20 kabla ya mashine za kuzisomea diski hizo kuwa adimu. Mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walifanikiwa kuonesha yaliyomo kwa kutengeneza programu inayoiga kompyuta ya zamani. Kitabu chenyewe, kilichoandikwa kwa mkono mwaka 1086, bado kinasomeka.

Hivyo, kabla ya kukubali sasisho kubwa, weka nakala rudufu ya nyaraka muhimu, na baada ya sasisho fungua chache kati ya zile za zamani kabisa. Kasoro ikigundulika mapema, folda ya mfumo wa awali bado ipo na nakala bado zipo mkononi.