Samadi

Samadi ni kinyesi cha mifugo, hasa ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku, kinachotiwa shambani kurutubisha udongo. Aghalabu huwa kimechanganyika na mkojo, nyasi za kulalia na masalio ya malisho. Nomino hii iko katika ngeli ya I-ZI.

Asili yake ni neno la Kiarabu samād. Kamusi za kale za Kiarabu hulieleza kuwa kinyesi kilichochanganywa na majivu. Kiarabu cha leo hulitumia hata kwa bidhaa za viwandani. Kiswahili kimelibakiza zizini: mbolea ndilo jina la jumla, samadi ni aina mojawapo. Lisichanganywe na Samad, jina la Mwenyezi Mungu lililomo katika Abdulsamad. Hilo kwa Kiarabu huandikwa kwa herufi swadi, na la mbolea kwa sini. Ni matamshi ya Kiswahili tu yaliyoyakaribianisha maneno hayo mawili.

Katika mtaa wa Pipeline, Embakasi Kusini, jijini Nairobi, maghorofa yamebanana hata hakuna pa kujenga zizi, kwa hiyo samadi ni kitu cha kununua. Kilimo cha gunia, kilichoenea pia katika mitaa ya mabanda ya Mukuru iliyo jirani, ndicho kinachoifaa zaidi. Gunia husimamishwa, kisha kopo lisilo na kitako huwekwa katikati na kujazwa mawe madogo. Udongo uliochanganywa na samadi hushindiliwa pembeni, kopo huvutwa juu na kujazwa tena, hivyo hivyo hadi gunia lijae. Nguzo ile ya mawe hupitisha maji mpaka chini. Ubavuni hutobolewa matundu ya miche ya sukuma wiki au spinachi, na sufuria ya jioni ikapata mboga bila kwenda kwa mama mboga. Kilimo cha mjini kina sheria yake Nairobi tangu 2015, na inastahili kujulikana na kila mpangaji.

Samadi mbichi isitumiwe. Huunguza mizizi, huleta mbegu za magugu, na huweza kubeba viini vya magonjwa, hatari kubwa kwa dhania inayoliwa bila kupikwa. Ya kuku ndiyo kali zaidi kwa wingi wa naitrojeni. Iliyoiva huwa nyeusi, humomonyoka mkononi, haina joto, na hunuka udongo.