Manhattan: kokteli ya wiski ya rai inavyochanganywa nyumbani

Manhattan ni kokteli, yaani kinywaji kikali cha kuchanganya, iliyopewa jina la eneo la jiji la New York, Marekani. Ilishajulikana huko katika miaka ya 1880. Ipo hadithi kwamba ilibuniwa mwishoni mwa 1874 kwenye karamu ya mama yake Winston Churchill jijini humo, lakini wakati huo mama huyo alikuwa Uingereza. Winston mwenyewe alizaliwa Novemba 30 mwaka huohuo.

Msingi wake ni wiski ya rai. Rai ni nafaka ya nchi za baridi, jamii ya ngano, na wiski yake ina ukali wa viungo, kama pilipili manga. Sheria ya Marekani inataka rai isipungue asilimia 51 ya nafaka iliyotumika. Wapo wanaotumia bourbon, ambayo sehemu kubwa ni mahindi. Inakuwa tamu zaidi. Sisi tunaona inapwaya.

Kwa glasi moja, pima vijiko 4 vya chakula vya wiski (mililita 60), vijiko 2 vya vermuti nyekundu (mililita 30), kisha tikisia humo chupa ya Angostura mara mbili. Angostura ni maji machungu ya mitishamba yanayotengenezwa Trinidad. Vermuti ni mvinyo uliotiwa mimea na kuongezwa pombe kali. Ikishafunguliwa, iweke kwenye friji.

Mimina vyote kwenye jagi lenye mabonge makubwa ya barafu, ukoroge taratibu kwa sekunde 30 hivi. Kukoroga kunapoza, na barafu inayoyeyuka kidogo inapunguza ukali. Ukitikisa, hewa inaingia na kinywaji kinakuwa na ukungu. Chuja kwenye glasi baridi, utie cheri au ganda la chungwa.

Sasa hesabu. Mililita 60 za wiski ya asilimia 40 zina mililita 24 za pombe halisi, na vermuti inaongeza kama 5. Jumla ni 29. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Kwa hiyo kiglasi hicho kidogo kinazidi chupa nzima ya bia, na kinaisha kwa dakika chache. Ukishakunywa, hata kimoja, usiendeshe pikipiki.

Msikilizaji, usiweke gongo badala ya wiski. Ikiwa na methanoli, si barafu wala Angostura itakayoiondoa. Wiski nayo inunuliwe ikiwa na kizibo ambacho hakijafunguliwa. Sumu ya methanoli inaweza kuchelewa kujionyesha hata siku nzima: tumbo kuuma, kutapika, kuona ukungu machoni. Mtu wa namna hiyo asiachwe alale akitumaini hangova itaisha. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu matibabu yapo, na yakichelewa anaweza kupofuka au kufa.