Safu ya Lugha: Bandari si tundu la kompyuta

Katika karakana moja mjini Migori nilisoma maelekezo haya: "Chomeka waya kwenye bandari ya siriali." Fundi alitaka kuitumia laputopu yake ndogo kama konsoli, yaani skrini ya kuzungumza moja kwa moja na ruta isiyoshika mtandao. Kazi yake ni njema, ila neno "bandari" limepotea njia.

Bandari tumeipata kwa Waajemi, nayo ni mahali meli na mashua hutia nanga. Homa Bay ina bandari. Wavuvi wa Muhuru Bay hupweleza mitumbwi kwenye bichi, wenzao wa Musoma husema mwalo, na watu wa pwani husema diko. Kote huko kuna maji.

Kosa limetokana na Kiingereza, ambamo "port" moja imetoka kwa Kilatini portus, yaani bandari, na nyingine kwa porta, yaani lango. Waya hauhitaji nanga, unahitaji mlango. Basi tuseme mlango wa siriali, au tundu tukikusudia pale pa kuchomeka. Siriali nayo ni biti za data kupita mojamoja, kama abiria kwenye ubao wa kushukia. Laputopu ndogo nyingi za leo hazina mlango huo wa pini 9, hivyo fundi huweka adapta ya USB.

Mafundi wetu wanastahili maneno yanayowaelekeza mkono. Bandari tuwaachie mabaharia.