Doezi, si Taka

Barua pepe ya kampuni inayouza mashine za kukoboa kahawa inaingia katika ofisi ya chama cha msingi Mbinga. Ina picha safi, bei na namba ya simu, ila hakuna aliyeiomba. Programu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili inaitupa katika kapu lililoandikwa "barua taka". Katibu akilifungua kapu hilo anabaki kujiuliza taka iko wapi. Mashine ni ya kweli, kampuni ni ya kweli, na huenda msimu ujao chama kikaihitaji. Barua yenyewe haina kasoro. Kasoro ni namna ilivyoingia.

Hapo ndipo istilahi ya "barua taka" inapochechemea. Mwandishi wa makala haya alilieleza hilo mbele ya jopo moja la wataalamu, ambalo halina haja ya kutajwa, akajibiwa kwamba hoja yake "imepokelewa". Imepokelewa, na tangu hapo imelala.

Tuanze na neno lenyewe. Taka ya kufagiwa inaandikwa na kutamkwa sawasawa na kitenzi cha kutaka, kwa hiyo "barua taka" yaweza kusomwa kama amri ya kuidai barua. Majirani zake kamusini ni takata, takasa na takatifu, maneno ya usafi mtupu. Mbaya zaidi, shina hilo halizai. Istilahi nzuri hutoa kitendo, mtenda na kitu, lakini jaribu kumpa jina mtumaji wa barua taka: ukimwita mtaka, umemchukua yule wa cha mvunguni, ambaye angalau huinama. Ukiita tabia yenyewe utaka, hapo ndipo mambo yanapoharibika, maana ng'ambo ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, utaka ni samaki, na wa kuliwa.

Historia nayo haiungi mkono taka. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya Digital Equipment ya Marekani, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 katika mtandao wa ARPANET, akiwaalika kuona kompyuta mpya za kampuni yake. Wengi walikasirika, na wasimamizi wa mtandao wakamkemea. Kompyuta zile hazikuwa takataka. Zilikuwa miongoni mwa mashine bora za wakati huo. Waliokasirika walikasirishwa na kuandikiwa bila kuulizwa. Jina la Kiingereza, spam, ambalo kiasili ni la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Hormel mwaka 1937, lilikuja baadaye kupitia mchezo wa wachekeshaji wa Monty Python wa mwaka 1970, ambamo nyama hiyo inatajwa na kutajwa hadi wateja wa mkahawa hawasikilizani. Kwa hiyo wapo wanaosema tuandike "spamu" yaishe. Sawa, lakini atakayekuja kuuliza spamu ni nini atajibiwa kwa hadithi ya kopo la nyama ambalo hajawahi kuliona katika duka lolote la Mbinga.

Sheria zetu za Tanzania zimekwisha kuamua kosa ni lipi, wakati majopo bado yanajadili. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinakataza kutuma matangazo ya biashara yasiyoombwa, isipokuwa mlaji ameridhia, mtumaji amejitambulisha na kutaja kusudi lake mwanzoni, na mpokeaji amepewa njia ya kuyakataa yajayo. Hakuna mahali kinapouliza kama bidhaa ni nzuri au mbovu. Ridhaa ndiyo nguzo.

Mfano wa karibu ni kitabu cha wageni. Mtu anashuka Mbamba Bay, anaingia nyumba ya kulala wageni, anajaza: jina, atokako, aendako, namba ya simu, na siku hizi anwani ya barua pepe. Ameandika ili apewe ufunguo. Nyumba hiyo hiyo ikimtumia baadaye bei zake za msimu, baada ya kumpa nafasi ya kukataa, ni jambo moja. Ile karatasi ikipita mkononi mwa wakala wa safari, wa bima na wa viwanja, ni jambo jingine kabisa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa kusudi lililofanya zikusanywe.

Taka pia inachanganya mfanyabiashara na mwizi. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" si tangazo, ni utapeli. Una sheria yake ya makosa ya mtandao na namba yake ya kuripoti, 15040. Kuuweka kapu moja na tangazo la mashine ya kahawa ni kumwonea muuzaji na kumpunguzia tapeli kosa.

Mshindani mmoja, msomi kwa vyeti, anapendekeza "barua pasi hodi". Inasikika vizuri jukwaani. Lakini ujumbe pasi hodi ni ule uliofika Liuli, bandari ya Ziwa Nyasa, Agosti 1914, wakati ikiitwa Sphinxhafen: manowari ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia kwa mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake hakuwa hata amesikia kwamba kuna vita. Barua ya matangazo haifanyi hivyo. Inapiga hodi tena kwa adabu, "Ndugu mteja wetu mpendwa", na ndiyo sababu inachukiza.

Kiswahili kina neno la mgeni wa aina hiyo tangu zamani: kudoea, wengine husema kudowea. Ni kuzukia kwa mtu saa ya kula bila kualikwa. Mdoezi hubisha hodi, huamkia wote, huulizia afya ya bibi, macho yakiwa kwenye bakuli la samaki aina ya mbasa. Anajua kwamba kwa desturi zetu lazima ataambiwa karibu, na anaishi kwa desturi hiyo. Kampuni inayokuandikia bila kuombwa inaishi kwa hiyo hiyo: anwani yako iko wazi ili watu wakufikie.

Umbo lake nalo ni safi. Doea imezaa mdoezi kama tembea ilivyozaa mtembezi na pokea mpokezi: ile l iliyodondoka katika vitenzi vyetu, ambayo lugha nyingi za Kibantu bado zinaitamka, inarudi ikiwa z. Ukiondoa m- unapata doezi, kwa dharau ile ile inayotoa jizi katika mwizi.

Jopo lilidai kwamba neno hilo ni la pwani na halijulikani milimani Umatengo, huko Mbinga. Hoja dhaifu. Mdukuzi naye alikuwa mtu wa kutegea sikio maneno ya wenzake, hadi magazeti yalipompa kompyuta, na leo hakuna anayeuliza alitoka wapi. Kishikwambi, jina la tableti, nacho kilichekwa, lakini baada ya sensa ya Agosti 2022 vishikwambi vilivyotumika humo vikagawiwa walimu, na kicheko kikaisha.

Matumizi, kwa ufupi: doezi, wingi madoezi, ni barua, mdoezi ni mtumaji, udoezi ni tabia, kapu ni kapu la madoezi, na kitufe cha kujiondoa kiandikwe "Nitoe". Hati yenye maelezo kamili wanayo wanajopo, kwenye barua pepe yao. Waliiomba wenyewe.